Ziba Ufa Ukiwa Bado kwenye Kinanda: Vidokezo 15 vya Kurekodi MIDI na Kuweka Efekti

Ingia studio yoyote ya chumbani, iwe Mbagala au Kisauni, utakuta laptopu yenye stika, kinanda kidogo cha funguo 25, na kijana anayeongeza riverbu. Anaongeza riverbu kwa sababu piano haijakaa sawa. Piano haijakaa sawa kwa sababu alipoipiga mkono ulichelewa. Mkono ulichelewa kwa sababu bafa ya kompyuta ilikuwa kubwa mno, na hilo lilikuwa jambo la kurekebisha kwa sekunde kumi kabla hajagusa ufunguo wa kwanza.

Muziki wa kompyuta ndivyo ulivyo. Ufa usiouziba kwenye kinanda utaujengea ukuta kwenye mikisa. Vidokezo hivi vimefuata mwendo wa kazi yenyewe, kuanzia kidole hadi faili la mwisho, na vinafaa programu yoyote uliyonayo: FL Studio, Ableton Live, Logic, Cubase, Reaper, hata LMMS ambayo ni ya bure.

1. Jua unachorekodi

MIDI si sauti, ni maagizo. Ukibonyeza Do ya katikati, kinanda kinaiambia kompyuta: "Ufunguo namba 60 umebonyezwa, kwa nguvu 92." Ukiachia, kinatuma agizo jingine. Sauti unayoisikia imetengenezwa na programu baada ya kusoma maagizo hayo. Ndiyo maana noti ulizopiga kwa piano unaweza kuzikabidhi kwa marimba au filimbi bila kupiga tena.

Lugha hii ni ya mwaka 1983. Januari ya mwaka huo, kwenye maonyesho ya NAMM nchini Marekani, vinanda vya kampuni mbili shindani, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, viliunganishwa kwa waya vikaelewana. Kinanda chako cha USB bado kinaongea lugha ileile.

Shika neno hili: maadamu kazi ni MIDI, bado una unga mkononi. Ukishaigeuza kuwa sauti, umeshasonga ugali. Marekebisho yote ya noti yafanye wakati ungali na unga.

2. Shusha bafa kabla ya kupiga

Kati ya kidole chako na spika, kompyuta hukusanya sauti kwanza kwenye kapu liitwalo bafa, kisha huimwaga. Kapu likiwa kubwa, unasubiri. Piga hesabu: kwa sampuli 44,100 kila sekunde, bafa ya 2,048 inakuchelewesha angalau milisekunde 46. Hewani, sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Kwa hiyo ni sawa na kupiga kinanda huku spika yako ikiwa mita 16 mbali nawe. Mkono unachelewa, unaharakisha kufidia, unachelewa tena, na mwishowe unajilaumu bure.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti, weka 128 au 256. Hiyo ya 256 ni kama milisekunde 6 tu. Sauti ikianza kukwaruza, zima kwanza plagini nzito kabla hujaikimbilia bafa. Kama unatumia Windows na huna kadi ya sauti ya nje, jaribu dereva ya bure iitwayo ASIO4ALL. Ukifika kwenye kumiksi, rudisha 1,024. Hapo huhitaji tena haraka, unahitaji kompyuta ipumue.

3. Hedifoni iwe ya waya

Hedifoni za bluetooth ni nzuri kwenye daladala. Kwenye kurekodi zinaongeza ucheleweshaji wao juu ya ule wa bafa, na hakuna mpangilio wa programu utakaouondoa. Hedifoni ya waya ya bei ya kawaida itakufaa kuliko ya bluetooth ya bei mbaya. Hapa sina la kuongeza.

4. Wimbo unakimbia? Urekodi ukitembea

Singeli ya Dar es Salaam haina subira. Mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na zipo zinazosogelea 300. Kwa tempo ya 240, robo ya pigo ina milisekunde 62 na nusu. Ukiwa na bafa ile ya milisekunde 46, umeshakula zaidi ya nusu ya nafasi yako kabla ya kosa la kidole.

Dawa yake: shusha tempo hadi 120, washa metronomu, piga kwa utulivu, kisha rudisha 240. Noti zitakimbia zenyewe na kimo cha sauti hakitabadilika, kwa kuwa ulichorekodi ni maagizo. Jaribu kufanya hivyo kwa sauti ya maiki uone programu inavyoibana hadi ilie. Angalizo moja: mapambo yanayopendeza kwa 120 hugeuka mvua ya mawe kwa 240. Piga machache.

5. Kipaji hakisubiri kitufe chekundu

Unachezea tu kinanda huku unasubiri chai ipoe, ghafla melodi inakuja. Kurekodi hujawasha. Unawasha, unajaribu kuirudia, imeshakimbia.

Usife moyo, programu nyingi zilikuwa zinasikiliza kimyakimya. Kwenye FL Studio ingia menyu ya Tools, tafuta "Dump score log to selected pattern"; noti ulizopiga dakika chache zilizopita zitajitokeza. Ableton Live ina kitufe cha Capture tangu toleo la 10. Logic na Cubase nazo zina njia zake. Jifunze ya programu yako leo, siku ya tukio hutakuwa na utulivu wa kuitafuta.

6. Kwantaizi kwa kipimo

Kila programu ina amri ya kuvuta noti hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu. Kwenye piano roli ya FL Studio ni Ctrl+Q, kwenye Ableton Live ni Ctrl+U. Ni amri tamu, na ndiyo iliyoua uhai wa biti nyingi kuliko maiki mbovu.

Niliwahi kumrekodi mzee mmoja mpiga ngoma, akapigia pedi zangu kwa vidole. Alipoondoka kwenda kuswali, nikazivuta noti zote kwenye gridi kwa asilimia 100. Akarudi, nikamsikilizisha. Akainamisha kichwa, akauliza, "Mwanangu, huyu nani anapiga?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi?" Akacheka. "Mimi sitembei kama askari."

Alisema kweli. Nilirudisha nyuma nikavuta kwa asilimia 50. Noti iliyokuwa imetangulia kwa milisekunde 20 ikabaki imetangulia kwa 10: haikeri sikio, lakini bado ni ya kwake. Anzia hapo, kati ya 50 na 70, kisha acha sikio liamue.

La pili, chagua gridi inayofanana na ngoma yako. Gridi ya kawaida hugawa pigo mara nne. Chakacha hugawa pigo mara tatu, kwa mwendo wa 6/8. Ukiisukumia gridi ya nne, noti zitakimbilia mistari isiyo yake na ngoma itachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Tafuta gridi ya tatu kwa tatu kwenye orodha. Karibu kila programu inayo.

7. Noti zisiwe na nguvu moja

Nguvu ya kidole, yaani velositi, huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Noti ulizochora kwa mausi kwa kawaida hutoka zote na namba ileile. Ndipo unasikia hai-hati inayogonga kama cherehani.

Fungua sehemu ya velositi chini ya piano roli. Chukua hai-hati nane za mstari mmoja na uzipe namba hizi: 98, 60, 84, 57, 95, 63, 80, 68. Sikiliza kabla na baada. Hujaongeza plagini hata moja, lakini sasa kuna mtu anapiga.

Kwenye piano na ngoma zilizorekodiwa vizuri, velositi hubadilisha zaidi ya ukubwa wa sauti. Noti ya 40 na noti ya 115 huwa ni rekodi mbili tofauti za chombo kilekile, kwenye moja kimeguswa, kwenye nyingine kimepigwa. Kwa hiyo piano ikikusikikia kali, usikimbilie ekwalaiza. Zishike noti zote, zishushe velositi kwa 20, usikie ukali unavyoondoka wenyewe.

8. Kagua pedali

Pedali ya kudumisha sauti husafiri kama kidhibiti namba 64. Thamani ya 64 kwenda juu maana yake imekanyagwa, chini ya hapo imeachiwa. Ukikata kipande katikati, agizo la kuachia linaweza kubaki upande wa pili wa mkasi, na piano ikaendelea kuvuma hadi mwisho wa wimbo kama jenereta ya jirani. Kabla hujailaumu riverbu, fungua vidhibiti vya traki hiyo, tazama mstari wa 64. Huenda tatizo lote ni nukta moja iliyosahaulika.

9. Taarabu haitoshi kwenye funguo 12

Kinanda cha kawaida kina sauti 12 katika kila oktava. Nyimbo zinazofuata makamu, yaani mizani za Kiarabu kama Rasti na Bayati, zinahitaji sauti zilizo katikati ya funguo. Kwenye Rasti inayoanzia Do, Mi na Si hukaa robo-toni chini ya mahali pake pa kawaida. Mpiga kanuni ana vijichuma vidogo chini ya nyuzi anavyoviinua na kuvishusha kwa ajili hiyo. Mpiga udi na fidla hawana shida kabisa, kidole kinakaa popote. Wewe wa kinanda una gurudumu la kupinda sauti.

Kwa kawaida gurudumu hilo hushusha sauti kwa nusu-toni mbili likifika mwisho. Robo-toni moja basi ni robo ya safari yake kwenda chini. Mkono hauwezi kusimama hapo kwa uhakika, kwa hiyo piga melodi kwanza, kisha chora mpindo kwenye programu chini ya kila Mi na kila Si.

Kuna mtego hapa. Gurudumu huvuta noti zote zilizo kwenye chaneli moja. Ukiweka melodi na sauti za kusindikiza pamoja, zote zitashuka. Ipe melodi traki yake. Na ukiona kazi ya kuchora inachosha, baadhi ya sinthesaiza hupokea mafaili ya mizani yenye mwisho wa .scl; unapakia mara moja, kinanda kizima kinakuwa Rasti.

10. Kabla ya efekti, sauti zikae mahali pake

Sasa tumeingia kwenye mikisa. Usifungue plagini yoyote. Shusha traki zote hadi chini, kisha pandisha moja moja, ukianza na kiki (ya ngoma, si ile ya mitandaoni), halafu besi, halafu mwimbaji, halafu wengine. Nusu ya matatizo unayotaka kuyatibu kwa efekti yataisha hapo, kwa sababu yalikuwa ni ubishi wa nani apige kelele zaidi.

Kwenye sauti ya dijitali dari ni 0 dB. Ukiigonga, mawimbi yanakatwa vichwa na mkwaruzo unabaki. Acha kilele cha masta kifike kama -6 dB na si zaidi. Ukiona wimbo uko chini, ongeza sauti ya spika, si ya mikisa.

11. Ekwalaiza: anza kwa kupunguza

Gitaa haling'ai? Mkono wako utataka kuongeza juu. Ngoja kidogo. Mara nyingi gitaa haling'ai kwa sababu kinanda kimekaa mbele yake. Kipunguze kinanda kidogo, gitaa litatokea lenyewe.

Namba za kuanzia, ambazo sikio lako lina haki ya kuzikataa: kwenye sauti ya mwimbaji kata kila kitu chini ya Hz 80 hadi 100, kwa sababu huko hakuna maneno, kuna feni na lori la barabarani. Ukungu wa mchanganyiko hukaa kati ya Hz 200 na 400. Punguza dB 2 au 3 kwenye vyombo viwili vitatu vilivyosongamana. Herufi "s" inayochoma masikio hupatikana kati ya Hz 5,000 na 8,000.

Kiki na besi wakigombania chini, wagawie. Mmoja apewe Hz 60, mwingine Hz 100, na kila mmoja apunguzwe kidogo kwenye eneo la mwenzake. Wawili hawaketi kigoda kimoja.

12. Kompresa: usidanganywe na ukubwa wa sauti

Kompresa hufanya kazi moja, kupunguza kilichozidi. Ukiweka uwiano wa 4:1, sauti iliyovuka kizingiti kwa dB 8 itatoka imevuka kwa dB 2. Basi. Mwimbaji anayenong'ona kwenye ubeti na kufoka kwenye kiitikio anakaa karibu na msikilizaji wakati wote.

Swali ni ianze lini kubana. Ikibana papo hapo, inakula kishindo cha kwanza cha ngoma, na sneya inageuka mto wa pamba. Ipe milisekunde 10 hadi 30 kabla haijaanza, kishindo kipite, ndipo ishike mkia. Kisha irejee kabla pigo linalofuata halijafika.

Na huu ndio mtego uliowanasa wengi, nami nikiwemo. Plagini nyingi za kompresa huongeza sauti zikishawashwa. Sikio la binadamu hupenda kilicho kikubwa. Unawasha, unasema "ehee, imekaa!", kumbe imeongezeka tu kwa dB 3. Rekebisha sauti ya kutokea hadi kuwasha na kuzima kulingane, ndipo uhukumu. Ukikosa tofauti nzuri, itoe.

Kuhusu foleni: mara nyingi ekwalaiza ya kukata itangulie, kompresa ifuate. Vinginevyo kompresa itabana kwa sababu ya mngurumo ambao ungeufuta hata hivyo.

13. Riverbu moja kwa nyumba nzima

Riverbu ni chumba. Ukiweka riverbu tofauti kwenye kila traki, umemsimamisha mwimbaji msikitini, mpiga gitaa bafuni, na mpiga ngoma kwenye ukumbi wa harusi, kisha unashangaa bendi haielewani.

Fungua traki moja ya pembeni. Weka riverbu hapo ikiwa asilimia 100, bila sauti kavu. Kisha peleka huko kiasi kidogo kutoka kila traki: mwimbaji zaidi, gitaa kidogo, kiki na besi usipeleke kabisa. Wote sasa wako chumba kimoja, na kompyuta inabeba plagini moja badala ya kumi.

Chumba hicho kisafishe. Kata riverbu yenyewe chini ya Hz 200 hivi ili isipandishe ukungu ule ulioutoa. Ichelewe milisekunde 20 hadi 40 kabla ya kuanza, ili neno lisikike kwanza, mwangwi ufuate. Halafu sikiliza ubeti mzima ukiwa umezima riverbu. Kama umegundua pengo mara tu ilipozimwa, kiasi chako kinatosha. Kama ulikuwa unaisikia riverbu kuliko mwimbaji, ulizidisha.

14. Dilei ina hesabu yake

Chukua 60,000, gawa kwa tempo ya wimbo. Jibu ni urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa tempo 96 unakupa 625; nusu pigo ni 312.5. Ingiza namba hizo, mwangwi utaangukia kwenye ngoma. Ukiiweka kwa kubahatisha, mwangwi utaangukia katikati ya ngoma na wimbo utasikika kama unajikwaa. Plagini nyingi zina kitufe cha kufuata tempo, lakini ukijua hesabu hutategemea kitufe.

Halafu usiiache ikiwaka wimbo mzima. Tumia otomesheni, iwake kwenye neno la mwisho la mstari tu. Neno moja linaloitikiwa lina uzito kuliko ubeti mzima unaojirudia.

15. Simu ndiyo hakimu, na hifadhi kabla umeme haujakatika

Wengi wa wasikilizaji wako watausikia wimbo kwenye simu, na wimbi la Hz 50 halitoki kwenye spika ndogo ya simu. Besi yako ikipotea kabisa huko, usiipandishe. Iongezee mkwaruzo mwepesi wa satyuresheni, ambao huzalisha sauti za juu zinazolifanya sikio lidhani limesikia besi. Kisha jaribu kwenye redio ya jirani na spika ya bajaji. Unasikiliza kama maneno yanaelewana kote, basi.

Mwishoni weka limita, dari iwe -1 dB, na usiibane hadi wimbo ukose pumzi. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida husawazisha nyimbo kuelekea -14 LUFS, hivyo wimbo uliobanwa sana utashushwa tu, na vishindo ulivyovikata havitarudi.

Toa faili la WAV, lakini hifadhi na MIDI. WAV ya kawaida ya stereo, ile ya biti 16, hula kama megabaiti 10 kwa dakika. MIDI ya wimbo mzima huwa kilobaiti chache tu, unamtumia mwenzako wa Mombasa kwa bando la mabaki. Mwaka ujao ukipata plagini bora ya piano, utaifungua MIDI hiyo na kuikabidhi chombo kipya. Na kila baada ya dakika kumi, Ctrl+S, kwa jina jipya kila siku. Umeme haupigi hodi.

Leo usiku, kabla hujaanza biti mpya, fungua ile iliyokushinda mwezi uliopita. Zima kila efekti, sikiliza noti tupu zikicheza peke yake mpaka mwisho. Zikikuchezesha kichwa, kilichobaki ni kumiksi. Zisipokuchezesha, acha mikisa, rudi kwenye kinanda.